Kugonga ndege nyingine wakati wa kutaksi: bawa la kulia mnalipimaje, na lawama ni ya nani?

Mchanga_wa_Anga

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Mimi ni Mtanzania nasomea PPL (leseni ya rubani binafsi) hapa Nairobi, na mwalimu wangu ameshaanza kunidokeza kwamba solo (kurusha peke yangu bila mwalimu) iko karibu. Swali langu si la angani, ni la huku chini kwenye kutaksi, yaani kuitembeza ndege ardhini, naombeni waliopita huko wanisaidie.

Hivi karibuni shuleni kwetu (jina nalihifadhi) kuna Cessna 172 (ndege ndogo ya mafunzo) ilitua vizuri tu, ikawa inarudi eproni (sehemu ya kuegesha ndege), ikagusa bawa la Piper iliyokuwa imeegeshwa kwenye foleni. Mwanafunzi kushoto, mwalimu kulia, na wote wawili macho yalikuwa ndani, mwanafunzi anafanya cheki za baada ya kutua na mwalimu anajaza muda kwenye karatasi yake. Hakuna aliyeumia, spidi ilikuwa ya mtu anayetembea tu, lakini taa ya ncha ya bawa ikavunjika, ncha yenyewe ikapasuka, eleroni ya Piper (kile kibawa cha nyuma ya bawa cha kuinamisha ndege) ikapinda, na sasa ndege mbili ziko hanga tunagombania zilizobaki.

Kinachonisumbua ni hiki. Nikiwa na mwalimu najua kuna mtu anaangalia upande wa kulia, sasa siku ya solo kile kiti kitakuwa kitupu na bawa la kulia ndilo liko mbali na mimi, nitajuaje linapita au halipiti? Halafu kama mnara umeniruhusu kutaksi na yule kijana wa kuelekeza ndege ananipungia niendelee, ikitokea nimegusa kitu bado lawama ni yangu? Na mwisho, kuna maneno hapa kwamba yule mwanafunzi ataambiwa alipe eksesi ya bima (sehemu ya hasara ambayo bima hailipi), hii ni haki kweli wakati mwalimu alikuwa amekaa pembeni yake?

Natanguliza shukrani.

---

Kiti_cha_Kulia

Kaka karibu Nairobi na asante kwa kuuliza hili kabla ya solo, wengi wanauliza stoli (bawa kupoteza nguvu ya kuinua) na kutua kwa upepo wa pembeni tu, kutaksi wanaona ni kazi ya kufikia ranwei (njia ya kurukia na kutua). Mimi ni mwalimu, nafundisha kwenye 172 na PA-28 (Piper ya bawa la chini) zote mbili, na nakuambia eproni ndiyo mahali natoka jasho zaidi ya angani, kwa sababu angani kuna nafasi ya kurekebisha na kwenye eproni zetu hizi ndege zimepangwa bawa kwa bawa.

Tuanze na vipimo. Bawa zima la 172 ni mita 11, yaani kutoka katikati ya ndege mpaka ncha ni mita 5.5. Sasa wewe hujakaa katikati, umesogea kushoto karibu nusu mita, kwa hiyo kutoka kwenye jicho lako ncha ya kushoto iko kama mita 5 na ya kulia kama mita 6. Hapo bado hujakosea kitu. Ongeza sasa tabia ya karibu kila mwanafunzi ninayempokea, anaweka mstari wa njano uliochorwa katikati ya njia chini ya kiti chake mwenyewe. Ukifanya hivyo umehamisha ndege nzima kulia nusu mita, na bawa lile lile usiloliona vizuri ndilo umelisogeza kwa jirani. Na sisi huku tatizo ni kubwa zaidi kwa sababu tumezoea kuendesha gari tukiwa tumekaa kulia, jicho limefundishwa kwamba upande wa mbali wa kuchunga ni wa kushoto, ukipanda ndege mambo yamegeuka na ubongo haujaambiwa. Mstari wa njano unatakiwa uuone unapita kulia kwa mguu wako wa kulia, katikati yako na mimi. Mwanzoni utahisi umekaa kushoto sana, vumilia, hapo ndipo ndege iko katikati.

Sasa la bawa lenyewe. Zoezi hili fanya wiki hii, ndege ikiwa imezimwa kwenye maegesho. Kaa kiti cha kushoto, weka kiti kwenye urefu ule ule unaorukia kwa sababu ukibadilisha kiti picha yote inabadilika. Mwenzio asimame chini ya ncha ya bawa la kulia aweke koni, halafu atembee mbele sambamba na ndege hatua kama ishirini aweke koni ya pili. Angalia ile koni ya pili inaonekana wapi kwenye kioo chako. Watu wengi wanashtuka, wanaikuta iko karibu na pua ya ndege kuliko walivyodhania. Chochote kilicho kati ya koni ile na pua ya ndege bawa litakikuta. Hiyo ndiyo picha ya kubeba kichwani, kwa sababu kulitazama bawa lenyewe likiwa limeshafika pembeni ya kitu haikusaidii, muda huo umeshachelewa, unachotakiwa kujua ni njia litakayopita hatua ishirini zijazo. Rudia na upande wa kushoto, na kama shule yenu ina PA-28 rudia humo pia maana pale bawa liko chini na umelikalia juu yake, picha ni nyingine kabisa.

Na kitu ambacho nimeona watu wazima wenye leseni wanafanya, tafadhali usije ukajaribu: kwamba mimi bawa langu liko juu, ile Piper bawa lake liko chini, nitapita juu yake. Ndege inanesa, tairi likiingia kwenye shimo dogo tu bawa linashuka upande mmoja, na bawa la 172 lina ule mhimili wa chuma unaoteremka mpaka kwenye mwili wa ndege. Usipitishe bawa juu ya bawa la mwenzio hata kama linatosha.

Ukishaanza kujiuliza kama nafasi inatosha, simama hapo hapo. Zima injini, shuka, angalia kwa macho, na kama haitoshi ndege inasukumwa kwa mikono au kwa kile chuma cha kuvutia gurudumu la mbele, na kabla hujawasha tena hakikisha hicho chuma kimetolewa, kuna propela zimeharibika kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu ile ajali ya shule yenu, cheki za baada ya kutua hazina haraka yoyote. Flapsi (vile vibawa vya kushusha wakati wa kutua) zikibaki chini dakika mbili hakuna kinachoharibika. Ukishavuka mstari wa kusubiria ukiwa ndege nzima imetoka kwenye ranwei, simama, breki, ndiyo usome cheklisti. Mimi mwanafunzi wangu akigusa cheklisti magurudumu yanazunguka namwambia simama. Na mwalimu naye vile vile, kalamu na karatasi zinangoja, na kumchambua mwanafunzi kuhusu alivyotua kunangoja mpaka injini izimwe, nasema hivi kwa walimu wenzangu humu maana tunajuana.

---

Njano_Tu

Mbona mnakuza mambo, mstari wa njano umechorwa na wataalamu waliopima. Weka gurudumu la mbele juu ya mstari, usitoke, hutagonga kitu. Hayo ya koni ni kujichosha.

---

Mnara_Mstaafu

Ndugu yangu Njano_Tu, hapo sikubaliani na wewe na naomba usimpeleke kijana huko. Nimefanya kazi mnarani kabla ya kustaafu, nimeona kwa darubini hayo yanayotokea juu ya huo mstari.

Mstari unakuhakikishia nafasi kwa masharti mawili, ndege yako isiwe pana kuliko ile iliyopangiwa njia hiyo, na jirani zako wote wawe wameegesha ndani ya mistari yao. Sharti la pili ndilo linavunjwa kila siku. Mtu ameacha mkia umetokeza, gari la mafuta limesimama kwa dakika tano, ngazi ya mafundi imesahauliwa, Caravan (ndege ya propela moja, kubwa kuliko za mafunzo) imeegeshwa mahali palipopangiwa ndege ndogo. Na kuna eproni za mahanga binafsi ambako mstari umefutika zamani au haujawahi kuwepo. Mstari fuata, ndiyo, lakini macho yaendelee kufanya kazi yake.

Kwa muuliza swali, kuhusu ruhusa ya mnara. Kwa lugha ya ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) kuna eneo linaloitwa la uendeshaji, yaani ranwei na taksiwei (njia za kutaksi), na eproni haimo ndani yake. Mnara unatenganisha ndege kwenye hilo eneo, na hata humo mtu wa mnarani yuko mamia ya mita kutoka ulipo, haoni kama kati ya ncha yako na mkia wa mwenzio kuna mita mbili au sentimita ishirini. Nikikuambia taksi mpaka sehemu ya kusubiria ranwei 14, nimekupa njia, sijakuambia njia ni tupu. Jukumu la kutogonga kitu linabaki kwa rubani. Hata kijana wa kuelekeza, ishara zake ni msaada mkubwa, zifuate, lakini ukiona hazikueleweki au amegeuka anaongea na mtu, au humwoni kabisa, simama. Yeye ana macho mawili na wewe una mabawa mawili, anaweza kuwa anaangalia moja.

Kanuni za kukutana huku chini zipo kwenye Kiambatisho cha 2 cha ICAO na wanafunzi wengi wanazisoma kwa ajili ya mtihani halafu wanazisahau. Mkikutana uso kwa uso kila mmoja asimame, au kama nafasi ipo kila mmoja aende kulia kwake. Mkiwa mnakatizana, mwenye mwenzake upande wa kulia ndiye anayepisha. Na unayempita kutoka nyuma ndiye mwenye haki, wewe ndiye unayetakiwa kukaa mbali naye.

Na usijisikie mnyonge kusimama. Najua presha ya pale uwanja wa Wilson, Nairobi, nyuma yako kuna Dash 8 (ndege kubwa ya propela mbili) ya abiria imewasha, redio haipumui, wewe mwanafunzi unaona aibu. Sema tu kwa redio kwamba unasimama kwa sababu huna uhakika na nafasi. Mtu wa mnarani akisikia hivyo anapanga wengine, hakuna atakayekukaripia, na kama yupo wa kukukaripia basi ana matatizo yake.

Niongeze moja, usifikiri haya ni ya wanafunzi. Aprili 2011 pale JFK New York, A380 ya Air France ilikuwa inataksi usiku, ncha ya bawa lake ikagonga mkia wa ndege ndogo ya abiria ya Comair ikaigeuza na watu wakiwa ndani. Bawa la A380 ni karibu mita 80 na marubani wa madege makubwa ya aina hiyo ncha hawazioni kabisa wakiwa wamekaa kwenye viti vyao, ndiyo maana mwaka uliofuata wachunguzi wa Marekani, NTSB, walipendekeza madege makubwa yawekewe kamera au kifaa kingine cha kusaidia kujua bawa linapita wapi. Wewe kwenye 172 ncha unaziona zote mbili ukigeuza shingo, tumia hiyo bahati.

---

Fundi_Rivet

Mimi ni fundi, haya mambo yanakuja kwangu yakiwa yameshatokea. Naomba niongee ya breki kwa sababu hakuna aliyeyagusa.

Kwenye 172 pedali za kulia zimeunganishwa kwa vyuma na za kushoto, zinasukuma silinda zile zile mbili. Maana yake silinda ya upande mmoja ikivuja, mwalimu naye hana breki upande huo, asikudanganye mtu kwamba mwalimu ana breki zake. Kwenye PA-28 za zamani kuna nyingine breki za vidole ziko kushoto tu, mwalimu anategemea ule mkono wa breki ulioko katikati chini ya dashibodi. Kwa hiyo uliza ndege unayorukia iko vipi. Na breki zinajaribiwa mara tu ndege inapoanza kusogea, hatua mbili tatu, mwanafunzi anakanyaga, halafu mwalimu anakanyaga, kabla hamjafika karibu na ndege nyingine yoyote. Pedali ikizama au ndege ikivuta upande mmoja, zima, nipigieni simu, msiseme tutaangalia tukirudi.

Wanafunzi wanachoma breki zetu, hili nalisema kwa uchungu. Anaweka throto mpaka mizunguko 1,500 kwa dakika halafu anashikilia breki ili spidi isipande, njia nzima kutoka hanga mpaka ranwei. Breki inapata moto, na breki yenye moto haishiki ile dakika unapoihitaji. Kwenye sehemu tambarare 1,000 hivi inatosha sana kuifanya ndege itembee, ukiona inaongeza spidi rudisha throto kwanza ndiyo ukanyage. Visigino vikae chini sakafuni, vidole vipande juu ya pedali pale unapotaka breki tu, maana ukiweka mguu mzima juu unakanyaga breki bila kujua na ndege inakwenda zigizaga.

Handibreki usiiamini. Inashikilia mafuta ya breki kwenye bomba basi, ikivuja kidogo au ukiwa hukuivuta sawasawa imekwisha. Ukiacha ndege weka vizuizi vya tairi.

Sasa kuhusu uharibifu. Watu wanasema ni ncha tu, plastiki, tubandike. Ncha ya bawa iko mbali na mwili wa ndege mita 5 na zaidi, pigo dogo pale nje linakuwa kubwa linapofika kwenye bolti zinazoshika bawa. Mimi siachii ndege mpaka nimefungua nikaona mhimili wa ndani, bolti, bawaba za eleroni na nyaya zake. Na kama propela imegusa kitu hiyo ni habari nyingine kabisa, Lycoming, watengenezaji wa injini, wana maelekezo yao ya huduma namba 533 kuhusu propela iliyogonga, na kuna ukaguzi wa lazima wa gia ya nyuma ya krankishafti na bolti yake, injini inafunguliwa hata kama inaunguruma vizuri. Bei yake inaumiza kweli.

Ombi langu kubwa, msifiche. Kuna vijana wanagusa kitu, wanashuka, wanasugua rangi kwa kidole, wanaona ni mkwaruzo, wananyamaza. Anayeirusha asubuhi ni mwenzako ambaye hajui. Andika kwenye daftari la ufundi la ndege, mwite fundi, ndege isimame. Kwa kanuni za ICAO za uchunguzi, Kiambatisho cha 13, uharibifu unaoishia kwenye ncha ya bawa, propela, tairi au antena peke yake hauhesabiwi kuwa ajali, lakini hilo ni suala la hesabu za wachunguzi, halikupi ruhusa ya kukaa kimya, na kwamba umeishia kwenye ncha utajuaje wakati hakuna aliyefungua?

---

Mchanga_wa_Anga

Asanteni sana wakuu, nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea, ya kukaa kulia kwenye gari yamenigonga kabisa maana ndivyo ninavyofanya.

Nina mawili bado. Kwenye kona naangalia bawa lipi? Na lile la eksesi hakuna aliyejibu.

---

Dada_wa_Caravan

Mdogo wangu, lile la eksesi nitakujibu mimi maana nimeliona kwa karibu, nilisomea Afrika Kusini nikarudi kufanya kazi huku, na kote mambo yanafanana.

Ukiwa na mwalimu kwenye safari ya mafunzo, PIC (rubani mwenye dhamana ya ndege) ni mwalimu. Yeye ndiye anayebeba jukumu la ndege hata kama miguu iliyokuwa kwenye pedali ni ya mwanafunzi, ndiyo maana anaandika hayo masaa kwenye logbuku yake kama PIC. Kwa hiyo kumdai mwanafunzi aliyekuwa na mwalimu, mimi naona si haki, na nasema wazi. Ila haki na ulichosaini ni vitu viwili. Toa mkataba wa shule uusome leo, tafuta panaposema eksesi, tafuta kama imeandikwa ndege ikiwa inatembea na ikiwa imesimama maana bima nyingi zinatenganisha, tafuta kama bima inamfunika mwanafunzi wa solo, na kama inalipa uharibifu wa ndege ya mtu mwingine au ni yenu tu. Usipoelewa uliza kwa maandishi, email, na jibu litunze. Yule mwenzenu naye asisaini karatasi yoyote ya kukubali deni kabla mtu anayejua sheria hajaisoma. Siku ya solo yako PIC utakuwa wewe, hapo hakuna wa kumtupia, ndiyo maana hayo maswali ya bima ulizia sasa.

Kwenye kona, bawa la nje ndilo linakwenda kasi zaidi na linafagia eneo kubwa. 172 ikigeuka kwa kubana kabisa na breki ya ndani inahitaji kama mita 8 kutoka pale inapozungukia mpaka kwenye ncha ya nje. Watu wanatazama bawa la ndani kwa sababu ndiko wanakoelekea. Na usisahau mkia, ukigeuza pua kushoto mkia unakwenda kulia, na hakuna kioo cha kuuona vizuri. Ukitoka katikati ya ndege mbili zilizokubana usianze kugeuza mapema, nenda mbele mpaka mkia umevuka ncha za majirani, ndiyo ukate kona.

Kitu kingine hawajakitaja ni upepo wa propela za wakubwa. Naomba msamaha kwa niaba yetu tunaorusha Caravan, na wenye Dash 8 ndiyo zaidi, tukiongeza nguvu kuanza kutembea ule upepo wa nyuma unaweza kuibeba ndege ndogo bawa likainuka au ikasukumwa pembeni. Usikae nyuma yetu karibu. Ukiona taa nyekundu inawaka juu ya ndege kubwa iliyosimama jua injini inawashwa au imeshawashwa, subiri. Na usukani wako uwe mahali pake muda wote, upepo ukija kutoka mbele pembeni geuzia usukani upande unakotoka upepo, ukija kutoka nyuma pembeni geuzia upande wa pili na usukume mbele kidogo.

Na asubuhi, mdogo wangu, futa kioo. Ukitaksi kuelekea mashariki jua linachomoza usoni na kioo kina vumbi la Nairobi na alama za wadudu, utakuwa unaendesha ukuta mweupe. Kitambaa kibichi dakika moja kabla ya kuwasha.

---

Njano_Tu

Mnara_Mstaafu nimekusoma, hilo la jirani kuegesha nje ya mstari wake sikulifikiria. Nakubali.

---

Mchanga_wa_Anga

Dada asante sana, mkataba nimeutoa tayari. Swali la mwisho kabisa kwa Kiti_cha_Kulia, kwenye ranapu (kuijaribu injini kwa nguvu kabla ya kuruka) mwenzetu mmoja alisogea bila kujua akiwa anaangalia geji, mwalimu akamkanyagia breki. Nikiwa solo nitajuaje inasogea wakati macho yako kwenye cheki ya magineto (mitambo ya cheche za injini)? Na breki zikikataa kabisa nafanyaje?

---

Kiti_cha_Kulia

Ranapu ndiyo sehemu ninayowaogopea zaidi wanafunzi wa solo baada ya eproni, maana unaongeza mpaka 1,800 au zaidi kutegemea ndege, propela inavuta, na wewe macho yako chini. Kwanza chagua mahali, pua isielekee ndege ya mwenzio, ielekee nafasi tupu, na nyuma yako pia usimpulizie mtu mawe. Pili hakikisha gurudumu la mbele limenyooka kabla ya kusimama. Tatu handibreki imevutwa lakini vidole vyako pia viko kwenye breki, Fundi_Rivet ameshakuambia kwa nini. Halafu kabla ya kugusa throto chagua alama nje, jani, ufa kwenye lami, kitu chochote kilicho karibu na kilichopangana na ukingo wa mlango au nguzo ya kioo. Ongeza nguvu ukiwa unaangalia nje mpaka uhakikishe haisogei, ndiyo ushuke ndani kusoma geji moja, rudi nje, geji nyingine, rudi nje. Usisome cheklisti nzima kwa mkupuo mmoja. Alama ikihama hata kidogo, throto nyuma yote kwanza.

Hata kuwasha injini ni hivyo hivyo. Wengi wakishindwa kuiwasha mara ya kwanza wanafungua throto zaidi, ikishika inaruka na 2,000 na breki hazijashikwa, na mbele yake kuna ndege ya mtu. Throto robo inchi basi, breki zimekanyagwa, mkono kwenye throto, macho nje.

Breki zikikataa: throto nyuma yote, mixture (kidhibiti cha mafuta ya injini) vuta mpaka mwisho, na kama kitu kiko karibu zima magineto pale pale maana mixture inachukua sekunde kadhaa kukata na wewe unataka propela isimame kabla haijafika kwa mtu. Kwenye 172 na PA-28 pedali bado zinageuza gurudumu la mbele hata bila breki, kwa hiyo chagua pa kwenda, majani, sehemu tupu, na kama lazima ugonge basi gonga kitu kisicho na mtu ndani. Ukija kurusha DA40 (ndege nyingine ndogo) jua kwamba gurudumu la mbele linajizungukia lenyewe na unageuza kwa breki, breki zikienda na kona imekwenda, hapo spidi ndogo tangu mwanzo ndiyo msaada pekee ulio nao. Sema kwenye redio baadaye, kwanza ishughulikie ndege.

Mwambie mwalimu wako kabla ya solo mfanye somo moja ambalo yeye anakaa kimya kuanzia hanga mpaka sehemu ya kusubiria na kurudi, asikusaidie kutazama kulia hata kidogo isipokuwa kuna hatari. Akikubali, njoo uandike hapa ilikwendaje, kuna wanafunzi wengine wanasoma huu uzi kimya kimya na wao wana maswali hayo hayo.